LCD1602 na moduli ya I2C: wapi inafaa, wapi inasumbua

Kwa mashine ya kutotolesha vifaranga, kidhibiti cha pampu au kipima joto cha stoo, skrini ya herufi 16 kwa mistari 2 inayouzwa kwa jina la LCD1602 bado ni chaguo letu la kwanza, iwe tupu au ikiwa na moduli ya I2C (njia ya kupeleka data kwa nyaya mbili). Inasomeka hata ukisimama hatua mbili mbele ya kabati, haitaki mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) yenye kumbukumbu kubwa, na ikiungwa vizuri hukaa miaka. Lawama nyingi inazotupiwa, kwamba imekuja mbovu au kwamba "inaandika Kichina", chanzo chake huwa ni kimoja kati ya vitu vinne: ukolezo (weusi wa herufi) ambao haujarekebishwa, volti zisizopatana, programu isiyolingana na skrini, au makelele ya umeme yanayotoka kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme).

Dukani utaikuta kwa namna mbili. Kuna skrini tupu yenye tundu 16 ukingoni, na kuna ile iliyokwisha kulehemewa moduli ya I2C mgongoni, inayotoa pini 4 tu: GND (hasi ya umeme), VCC (chanya), SDA (data) na SCL (saa ya data). Ukitumia Arduino Uno, Nano au bodi nyingine ya volti 5, nunua yenye I2C. Ukitumia ESP32 au Raspberry Pi Pico, chukua tupu uiunge moja kwa moja kwa nyaya sita za ishara. Ushauri huu wa pili unapingana na mafunzo mengi ya mtandaoni, na sababu zake ni za kiumeme kabisa, tutazifikia.

Ubongo wa skrini hii ni muundo wa Hitachi uitwao HD44780. Skrini nyingi za leo hubeba chipu nyingine inayofuata amri zilezile, iliyofichwa chini ya matone mawili meusi ya gundi nyuma ya bodi. Ina baiti 80 za kumbukumbu ya maandishi, 40 kwa kila mstari, ingawa dirisha linaonyesha 16 tu. Ndiyo maana neno likizidi halishuki mstari wa pili. Linaendelea kuandikwa mahali usipopaona. Bodi ina milimita 80 kwa 36, na tundu za skrubu ziko umbali wa milimita 75 kwa 31. Fremu ya chuma ni takriban 71 kwa 25, lakini pima ya kwako kabla hujakata mfuniko wa boksi.

Skrini "tupu" iliyo nzima

Umeme umefika, taa ya nyuma inawaka, hakuna herufi hata moja. Skrini nyingi nzima hurudishwa dukani kwa sababu hii peke yake.

Pini ya 3, iliyoandikwa V0 au VO, ndiyo inayoamua weusi wa nukta. Kinachohesabika ni tofauti kati ya volti ya VDD (umeme wa skrini, pini ya 2) na ya V0. Skrini ya volti 5 hutaka tofauti ya volti 4 hadi 4.5, kwa hiyo V0 inapaswa kukaa kati ya volti 0.5 na 1. Ukiiacha pini hiyo ikielea, huoni kitu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye GND, nukta zote hukolea mpaka visanduku vyeusi vinafunika maandishi. Potenshiomita ya kiloohmu 10 inatosha: ncha moja volti 5, nyingine GND, mguu wa katikati pini ya 3. Weka multimita kati ya pini ya 3 na GND, zungusha mpaka isome 0.7 hivi, kisha malizia kwa jicho. Huna potenshiomita? Rezista moja ya kiloohmu 1 kutoka pini ya 3 kwenda GND kwa kawaida huleta maandishi yanayosomeka.

Kwenye moduli ya I2C, potenshiomita ni kile kisanduku cha bluu chenye skrubu ya msalaba. Izungushe polepole sana, maana sehemu ambayo maandishi yanaonekana ni finyu ukilinganisha na mzunguko mzima, na ukienda haraka unaipita bila kuiona. Ujue pia kwamba ukolezo hufuata joto la mahali. Kifaa kilichorekebishwa asubuhi ya baridi Njombe kitaonekana kimekolea kupita kiasi kikifungwa Dar es Salaam mchana, kwa sababu kioo kikipata joto huhitaji volti ndogo zaidi ili kiwe cheusi. Acha tundu dogo kwenye boksi ili bisibisi ifikie skrubu hiyo.

Kuna dalili moja inayookoa muda mwingi. Mstari wa juu ukijaa visanduku vyeusi na wa chini ukiwa mtupu, umeme uko sawa na ukolezo uko sawa. Ila kidhibiti hakijapokea amri za kuanzia. Hapo acha potenshiomita, kagua nyaya za RS, E, D4 hadi D7, au anwani ya I2C, ambazo tunazieleza hapa chini.

Kuunga moja kwa moja

Pini ya 1 ni GND, ya 2 ni volti 5, ya 3 ni ukolezo. Ya 4 ni RS, inayotofautisha amri na herufi. Ya 5 ni R/W: ifunge GND bila mjadala, kwa kuwa hatuna haja ya kusoma kutoka kwenye skrini. Ya 6 ni E, inayoiambia skrini ichukue data. Pini 7 hadi 10 ziachwe wazi, 11 hadi 14 ni D4 hadi D7, na 15 na 16 ni taa ya nyuma, chanya na hasi. Kwenye Uno, mpangilio uliozoeleka ni RS 12, E 11, D4 5, D5 4, D6 3, D7 2, na kwenye programu unaandika `LiquidCrystal lcd(12, 11, 5, 4, 3, 2);`. Soma maandishi kwenye bodi yako kabla ya kuunga: zipo skrini ambazo pini 15 na 16 zimewekwa kabla ya ya 1, na anayehesabu kutoka ukingoni bila kusoma hugeuza umeme na kuunguza kidhibiti papo hapo.

Taa ya nyuma inataka rezista. Bodi nyingi zina yake tayari, lakini si zote. Ukiwa na shaka, weka ya ohmu 220 mfululizo na pini ya 15. Mwanga utapungua kidogo, LED itaishi.

Kulehemu ndiko kunakotenganisha kifaa kinachodumu na kinachozimika ukigonga meza. Kuchomeka pini kwenye tundu bila risasi hufanya kazi kwa dakika tano za majaribio, basi. Chuma kikiwa kati ya nyuzi 320 na 350, lehemu pini ya 1 na ya 16 kwanza, hakikisha reli imekaa wima, kisha zilizobaki. Kama unaongeza moduli ya I2C mwenyewe, hakikisha pini yake ya kwanza imekutana na VSS ya skrini (pini ya 1, yaani GND), na bandika utepe wa kuhami kati ya bodi mbili hizo, kwa kuwa ncha za moduli zinaweza kugusa vichupo vya fremu ya chuma.

Moduli ya I2C

Kazi yake ni kupunguza nyaya, na inaifanya vizuri. Chipu iliyopo ni PCF8574, inayopokea baiti kwa nyaya mbili na kuzigeuza kuwa pini nane. Kwenye moduli nyingi P0 ni RS, P1 ni R/W, P2 ni E, P3 huwasha transista ya taa ya nyuma, na P4 hadi P7 ni D4 hadi D7. Kwenye Uno unaunga SDA kwenye A4 na SCL kwenye A5, na umemaliza.

Anwani, yaani namba inayoitambulisha moduli kwenye nyaya hizo, ndiyo huleta kizaazaa. Chipu iliyoandikwa PCF8574 huanzia 0x20 hadi 0x27, na iliyoandikwa PCF8574A huanzia 0x38 hadi 0x3F. Sehemu za kulehemu A0, A1 na A2 zikiwa hazijalehemewa, unapata 0x27 kwa ya kwanza na 0x3F kwa ya pili. Kwa hiyo programu iliyofanya kazi kwenye skrini ya jana inaweza kukaa kimya kwenye ya leo ingawa kwa macho zinafanana. Chukua miwani, soma chipu. Au tumia maktaba ya hd44780 ya Bill Perry, ambayo sehemu yake ya I2C hujitafutia anwani na mpangilio wa pini, na inakuja na programu ya uchunguzi iitwayo I2CexpDiag. Tunaipendelea kuliko LiquidCrystal_I2C, ambayo ina matoleo mengi yasiyofanana: moja linataka `lcd.init()`, jingine `lcd.begin()`, na ukisahau `lcd.backlight()` unabaki gizani ukidhani skrini imekufa. Kama kuna jampa ya pini mbili pembeni mwa moduli, hiyo ndiyo hupitisha umeme wa taa. Ikidondoka, taa haiwaki hata programu ikiiamuru.

Angalia migongano pia. MCP23017, chipu ya kuongeza pini, nayo hutumia 0x20 hadi 0x27, kwa hiyo zikiwa kwenye nyaya zilezile lazima mojawapo ihamishwe.

Mwendo ni wa chini. PCF8574 imepangiwa kilohezi 100, na kila herufi hukatwa nusu mbili, kila nusu ikihitaji kutumwa mara kadhaa ili kuipandisha na kuishusha E. Herufi moja inachukua zaidi ya milisekunde 1, na skrini nzima ya herufi 32 milisekunde 40 hivi. Kwa joto la yai hilo halina maana yoyote. Kwa programu inayohesabu mizunguko ya mota huku ikiandika, linaumiza, na hapo nyaya sita hushinda kwa mbali.

ESP32 na Pico: kwa nini tupu

Bodi hizi hufanya kazi kwa volti 3.3, na pini zake hazikuidhinishwa kupokea volti 5. Moduli ya I2C huwa na rezista mbili, mara nyingi za kiloohmu 4.7, zinazovuta SDA na SCL hadi kwenye VCC yake. Ukiipa moduli volti 5, rezista hizo zinapeleka volti 5 kwenye pini za ESP32. Wengi wanafanya hivyo na kifaa kinawaka, kwa kuwa mkondo unaopita ni mdogo, lakini si kitu cha kumfungia mteja ukutani.

Ukijaribu kuikwepa kwa kuipa moduli volti 3.3, ukolezo unakufa: ile tofauti ya volti 4 haipo tena, na herufi zinakuwa kivuli au hazionekani kabisa. Ukitoa zile rezista na kuvuta laini kwa volti 3.3 huku chipu ikibaki kwenye 5, unaangukia tatizo jingine, maana PCF8574 huhesabu "juu" kuanzia asilimia 70 ya volti yake, yaani 3.5. Njia safi ni kuweka bodi ndogo ya kubadilisha volti, ile yenye transista za BSS138, katikati ya nyaya mbili hizo.

Skrini tupu haina shida hiyo. HD44780U ikiwa kwenye volti 5 hutambua "juu" kuanzia volti 2.2, kwa hiyo ishara ya 3.3 inaeleweka bila kibadilishi. Chipu nyingine zinazoiiga zinaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo soma karatasi ya data ya skrini yako. R/W ikiwa imefungwa GND, skrini haitoi data, hivyo haisukumi data ya volti 5 kwenye mikrokontrola. Hilo ndilo sharti lote. Kwenye ESP32, RS 13, E 27, D4 26, D5 25, D6 33 na D7 32 ni mpangilio salama. Usitumie 34 hadi 39, hizo ni za kupokea tu, wala 6 hadi 11, zinazotumiwa na kumbukumbu ya ndani. Volti 5 ya skrini chukua kwenye pini ya 5V au VIN. Kwenye Pico ni VBUS, pini ya 40.

"Inaandika Kichina"

Ni Kijapani, kwa kweli. Skrini nyingi huja na seti ya herufi ya A00, yenye katakana kwenye nusu ya juu ya jedwali. Zikijitokeza, kuna sababu mbili tofauti kabisa, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza ni ya programu. Ukiandika alama ya nyuzi "°" kwa kibodi ya kompyuta, programu unayoandikia huihifadhi kama baiti mbili, C2 na B0. Skrini haijui mpango huo, inachapisha kila baiti peke yake, na badala ya 37.5°C unapata katakana mbili kabla ya C. Tuma baiti 0xDF, ndiyo alama ya nyuzi kwenye A00. Kwa Kiswahili kuna mtego mdogo wa jamii hiyohiyo. Lugha yetu haina vitone wala mikia juu ya herufi, hivyo kila neno linaandikika. Lakini ng'ombe likinakiliwa kutoka kwenye simu huja na alama iliyopinda, ambayo ni baiti tatu, na skrini huandika "ng", kisha β, nafasi mbili tupu, ndipo "ombe". Futa alama hiyo, iandike upya ile iliyonyooka.

Ya pili ni ya umeme, na ndiyo ngumu. Skrini inaanza vizuri, rilei inabofya, maandishi yanageuka vurugu na hayarudi mpaka uzime. Data inatumwa kwa nusu baiti, ya juu kwanza. Cheche ya rilei ikiingia kwenye waya wa E, skrini huihesabu kama nusu iliyotumwa, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea hatua moja. Neno "maji" ni baiti 6D, 61, 6A, 69. Likisogezwa nusu, D ya kwanza inaungana na 6 inayofuata kuwa D6, na D6 ni katakana. Mikrokontrola haina habari. Inaendelea kutuma sawasawa kwa skrini iliyopotea hatua.

Tiba ianzie kwenye chanzo. Weka diodi ya 1N4007 kwenye koili ya rilei, mstari wake ukielekea chanya. Kama rilei inawasha mota au kontakta ya umeme wa gridi, weka kwenye miguu ya swichi kapasita ya nanofaradi 100 ya aina ya X2 (iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi) mfululizo na rezista ya ohmu 100. Kwenye pini 1 na 2 za skrini lehemu kapasita ya nanofaradi 100 na nyingine ya mikrofaradi 100. Waya wa skrini usizidi sentimita 30, na usipite sambamba na waya wa mota. Baada ya yote hayo, iamuru programu iianzishe skrini upya kila baada ya rilei kubadilika. Maktaba nzuri hutuma 0x30 mara tatu kabla ya kuingia kwenye nusu baiti, na mfuatano huo huirudisha skrini kwenye mstari popote ilipokuwa. Kwa sababu hiyohiyo mpe kidhibiti angalau milisekunde 50 baada ya umeme kuwaka kabla ya amri ya kwanza, hasa kama chaja yako hupandisha volti taratibu.

Kuandika ndani ya herufi 16

"Tafadhali subiri" ni herufi 16 kamili, pamoja na nafasi. "Kiwango cha maji" vilevile. "Hitilafu ya sensa" ni 17, na "Mashine inafanya kazi" ni 21, haitoshi hata kwenye skrini ya 20 kwa 4. Andika "Sensa ina kosa" na "Inafanya kazi". Kama ujumbe wako hauwezi kufupishwa, nunua hiyo ya 20 kwa 4, ila ujue kwamba mstari wa 1 ukifurika humwagikia wa 3, si wa 2, kwa kuwa ndivyo kumbukumbu ilivyopangwa.

Usiite `lcd.clear()` kila mzunguko. Ndiyo inayofanya skrini ipepese, na yenyewe inachukua milisekunde 1.5. Andika juu ya kilichopo. Lakini namba ipewe upana usiobadilika, kwa sababu 100 ikishuka kuwa 99 bila kufutwa, skrini husoma 990, na mtu anayetazama kiwango cha tangi ataamini. Kwenye Uno, `dtostrf(joto, 5, 1, buf)` hutoa nafasi tano daima. Alama za kujichorea ni nane tu, na baada ya `createChar` ita `setCursor` kabla ya kuandika, la sivyo maandishi huingia kwenye kumbukumbu ya michoro.

Ukiwa dukani

Iwe Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, omba iwashwe kabla hujalipa. Volti 5 kwenye pini 2 na 15, GND kwenye 1, 16 na 3: mstari wa juu unapaswa kujaa visanduku 16 vilivyokolea sawa. Kisanduku chenye safu iliyokatika ni kioo kibovu au muungo uliolegea chini ya fremu, usikichukue. Yenye I2C ijaribiwe kwa kuzungusha skrubu ya bluu mpaka visanduku vitokee na kupotea.

Chagua rangi kwa kazi. Ya bluu yenye herufi nyeupe inapendeza ndani ya nyumba, lakini taa ikizimwa haisomeki, na juani haisomeki hata taa ikiwaka. Ya kijani-njano yenye herufi nyeusi husomeka juani bila taa yoyote. Kwa pampu ya sola hiyo ndiyo ya kununua: taa ikiwa imezimwa, skrini yenyewe hula milliampia 1 au 2 tu. Kifaa kikikaa chini ya bati, omba inayovumilia nyuzi 70, kwa sababu zile za kawaida zimepimwa hadi nyuzi 50, na boksi la plastiki lililofungwa juani hufika huko bila shida.